Kelele za Ndani

Ukumbi ule zamani ulikuwa ghala la magunia, na harufu ya magunia haikuwa imetoka. Mama aliketi mstari wa mbele kwenye kiti cha plastiki, amevaa gauni alilojishonea kwa ajili ya siku hiyo, mkoba ameupakata kama mtu anayesubiri kuitwa zahanati. Kulia kwake aliketi mumewe. Mbele yao, nyuma ya meza iliyojaa nyaya na visanduku vya vitufe, alisimama binti yao wa pekee, ambaye mtaa mzima ulimwita Chiriku kwa sababu utotoni mdomo wake haukuwa na mlango.

Leo Chiriku hakusema neno. Aliinamisha kichwa, akagusa kitufe kimoja, na ukumbi ukapasuka.

Haikuwa ngoma, wala gitaa, wala wimbo. Ilikuwa chuma juu ya chuma. Ilikuwa mashine ya kukunja mabati, ile ile ambayo baba yake aliisimamia mpaka masikio yakafa. Chiriku alikuwa ameirekodi akiwa nje ya ukuta wa kiwanda, akaipinda, akairefusha, akairundika juu ya yenyewe mpaka sakafu ikawa inatetemeka na vioo vya madirisha vinalia. Watu waliokuja, wengi wao vijana waliovaa nguo nyeusi kama wafiwa, walifumba macho wakawa wanatikisa vichwa taratibu. Mama hakujua afanye nini na uso wake. Kama huu ni muziki, aliwaza, basi yule fundi bomba wetu ni mwanamuziki mkubwa na hajaambiwa.

Lakini alikuja amejiandaa kuvumilia. Hii ndiyo albamu ambayo binti yake aliifanya peke yake, amejifungia chumbani msimu mzima, akitoka kula na kurudi. Kupiga alipiga mwenyewe, kukata alikata mwenyewe, hata picha ya jalada aliipiga mwenyewe. Albamu yenyewe aliiita *Bati*. Mama asiyekwenda kuona kazi ya mwanawe ni mama gani?

Mzee yeye hakusikia kitu. Alihisi tu mtikisiko kwenye nyayo, akatabasamu, akamgusa mkewe goti.

"Mashine namba mbili!" alipiga kelele, akidhani anasema kwa sauti ya kawaida. "Naijua hii! Naijua!"

Kisha chuma kikapungua. Chini yake ikachomoza sauti nyingine, tik-tik-tik, na Mama akainua kichwa. Ilikuwa cherehani. Ilikuwa cherehani yake, na ule mlio wa gurudumu lililolegea ambao hakuna cherehani nyingine duniani iliyo nao. Kabla hajajua afurahi au asifurahi, sauti ya mwanamume ikajaa ukumbini, nene, wazi, haikupindwa wala kufichwa:

"Mwanamke gani huyu? Kazi kushona nguo za watu. Kuzaa kwenyewe kazaa kamoja, nako kasichana. Miaka yote mimi nalima mawe."

Na nyuma yake sauti ya mwanamke, ndogo, iliyo karibu sana, ya mtu anayejibu bila kutaka asikike:

"Wa kwanza alikuwa wa kiume. Umemsahau."

Chiriku aliichukua sentensi hiyo ya pili akairudia. Wa kwanza alikuwa wa kiume. Wa kwanza. Wa kwanza. Akaivunja vipande, akavigonganisha na mabati, akavipandisha mpaka sauti ya mama yake ikawa king'ora. Nyuma ya ukumbi mtu mmoja akasema, "Aisee," kwa sauti ya mtu aliyeonja kitu kitamu.

Ilipokwisha, watu walisimama kupiga makofi. Mzee aliwaona wamesimama, naye akasimama. Alipiga makofi kuliko wote, kwa viganja vyake vipana vya kiwandani, machozi yakimtiririka. "Mwanangu huyo!" alinguruma. "Huyo ni mwanangu!"

Mama alibaki ameketi.

*

Asubuhi ya pili yake alikuwa kwenye cherehani, sebuleni, hashoni. Mkono ameuweka juu ya gurudumu, ameliziba kama mtu anavyoziba mdomo wa mtoto. Chiriku alipotoka chumbani kwake, aliyakuta macho ya mama yake yakimngojea mlangoni.

"Uliiweka wapi?"

"Nini, Mama?"

"Hiyo simu yako. Siku uliyoturekodi. Uliiweka wapi?"

"Juu ya kabati. Nilitaka sauti ya cherehani tu, Mama, nakuapia. Baba akaingia kutoka uani, akaanza maneno yake. Mimi sikuizima."

"Hukuizima."

"Sikuizima."

"Ukayachukua ukaenda nayo chumbani, ukayasikiliza mara ngapi sijui, ukaona haya yanafaa kuwekwa watu wasikilize."

"Yanafaa!" Chiriku alipandisha sauti. "Unamkasirikia nani, Mama? Mimi niliyerekodi, au yeye aliyesema? Albamu nzima nakipigia kelele kile kiwanda. Walimpa pamba ya kuziba masikio baada ya masikio kuziba yenyewe, halafu wakamtoa, eti mashine haiongozwi na kiziwi. Haya maneno yake ni kiwanda hicho hicho, kimehamia humu ndani! Na kwanza ni siri gani? Mtaa mzima unamsikia kila jioni. Fundi viatu pale nje anamsikia. Ni wewe tu unayejifanya hakuna anayejua."

Mama aliinuka. Hakuwa mrefu, lakini binti alirudi nyuma hatua moja.

"Majirani wanasikia, na wananisitiri," alisema. "Asubuhi wananiamkia kama hawakusikia. Yule fundi viatu, mumeo... " Alikosea neno kwa hasira, akalimeza. "Yule fundi viatu, baba yako akianza, yeye huongeza redio. Unaelewa maana yake? Huongeza redio ili mimi nisijue kwamba anasikia. Hiyo ndiyo heshima niliyobaki nayo. Wale wako wa jana walipiga makofi."

Chiriku alilitoa neno lililokuwa limemkaa muda mrefu.

"Na kaka yangu? Nimekuja kumjua kwenye hedifoni, Mama. Nakata sauti, nasafisha kelele, mara nasikia nina ndugu. Ulikuwa unanificha mpaka lini?"

"Yule alikuwa wangu," alisema Mama. "Alifia mikononi mwangu, hakuwa amejua hata kukaa. Baba yako alikuwa zamu kiwandani, hawakumpa ruhusa mpaka zamu iishe, akakuta tumeshamfunga sanda. Tangu siku hiyo hakumtaja, nami sikumtaja. Neno hilo nilimwambia mgongo wake, siku moja, baada ya miaka yote hiyo, kwa sababu nilijua hasikii. Sikukwambia wewe. Sikuwaambia wale wenye nguo nyeusi. Toa sauti yangu."

"Siwezi. Imeshatoka. Na nimealikwa nje, Mama, kwenye tamasha kubwa, wamelipa hadi ndege. Wameniita kwa sababu ya kipande hicho hicho."

"Basi wamemwalika mwanangu aliyekufa," alisema Mama. "Mwambie afunge mizigo."

*

Lililokuwa limebaki ni Mzee kujua, na la kumjulisha halikukosa mtu. Shangazi, dada yake mkubwa, alikuwa na saluni ya nywele karibu na kituo cha mafuta, na katika saluni hakuna kinachofichika zaidi ya nywele zenyewe. Mteja mmoja alikuja na kipande hicho kwenye simu, anacheka. Shangazi hakungoja hata kumaliza kusuka. Alimwachia msaidizi kichwa cha mtu nusu, akaja akitweta.

Mzee alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha mlango wa uani akitengeneza mkono wa ndoo. Shangazi alisimama mbele yake ili aione midomo.

"Kaka! Umetukanishwa!"

"Nimefanyaje?"

"Umetukanishwa! Mwanao amekuweka kwenye simu za watu, unamtukana mkeo. Unasema amezaa kamoja, nako kasichana. Unasema unalima mawe. Wateja wangu wanaicheza hiyo kama taarabu!"

Mzee aliisoma midomo ile mpaka mwisho. Kwanza alicheka. "Mimi? Nimeyasema lini hayo?" Akageuka kumtafuta mkewe, aliyekuwa amefika mlangoni na sindano bado iko kwenye kola. Cheko likapungua. "Mama Chiriku. Nimewahi kusema hayo?"

"Karibu kila jioni," alisema Mama, polepole, ili asipoteze hata herufi moja.

"Nikimwambia nani?"

"Mtaa."

Mzee aliangalia ndoo, akaangalia ukuta wa jirani, akaangalia dirisha la fundi viatu. Alikuwa kama mtu anayehesabu jioni zisizo na mwisho.

"Mimi nilikuwa nanong'ona," alisema. Na hata hilo alilisema kwa sauti iliyomfanya mtoto wa jirani achungulie. "Nilikuwa nasema moyoni. Midomo tu ilikuwa inacheza. Nilikuwa nanong'ona!"

"Kunong'ona!" Shangazi aligonganisha viganja. "Kaka, wewe ukinong'ona, mbwa wa mtaa wa pili wanabweka. Watu wanasema unajisikia, unamgombeza mke hadharani makusudi."

"Najisikia?" Mzee alisimama, ndoo ikabiringika. "Mimi? Nitajisikiaje mimi, mwanamke, kwa masikio gani?"

Shangazi alianza kucheka, kisha akaona si mahali pake. Mzee alikuwa amekwishampita, anaelekea chumba cha binti yake. Aliusukuma mlango. Chiriku alikuwa sakafuni kati ya nyaya zake, hedifoni masikioni, naye hakusikia mtu akiingia. Mzee alizing'oa hedifoni zile kwa mkono.

"Toka!" alisema. "Toka nyumbani kwangu, na visanduku vyako! Nimekaa pale mbele kama zuzu napiga makofi, nalia kwa furaha, kumbe napigia makofi aibu yangu! Ulinitazama nikipiga makofi! Ulinitazama!"

"Baba, nilitaka..."

"Sikusikii! Husikii kwamba sikusikii? Toka!"

Hapo Mama aliingia katikati yao. Hakumgusa mtu. Alisimama tu mahali ambapo mumewe asingeweza kuikwepa midomo yake.

"Haya, atoke," alisema. "Lakini kama anatoka aliyerekodi, basi na aliyesema atoke. Chagua begi lako."

"Nimekwambia nilikuwa nanong'ona!"

"Nimesikia. Mimi ninasikia, masikio yangu ni mazima, na ndiyo balaa yangu. Miaka yote nilidhani unaniambia usoni kwa ukatili. Sasa unasema hukuwa unaniambia, ulikuwa unawaza tu. Kwa hiyo ulikuwa unayawaza."

Mzee alizitazama hedifoni zilizokuwa mkononi mwake.

"Nakuuliza. Ulikuwa unayawaza?"

Angeweza kusema hakuiona midomo vizuri. Mara ngapi alikwishatumia ujanja huo, wa kuushusha ukiziwi kama pazia pale swali linapouma? Chiriku alikuwa akimtazama, na Shangazi mlangoni alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja.

"Nilikuwa nayawaza," alisema.

Mama aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa chenji yake sawasawa. Akamgeukia Shangazi. "Wifi, mzigo umeuleta na umeutua. Kuna mtu kule saluni amesukwa nusu."

*

Tangu jioni hiyo Mzee aliacha kusema kabisa. Akitaka maji alinyoosha kidole. Akikanyaga kitu hakusema hata "ah." Jioni fundi viatu aliongeza redio kwa mazoea, kisha akaipunguza, akawa hajui aifanye nini. Mama alikuwa ameitamani sana siku ya kunyamaza kwa mumewe, na sasa imekuja, akaiona ni nzito kuliko maneno. Lakini hasira yake haikupungua kwa hilo. Alishona mpaka uzi ukakatika, akaufunga, akashona tena, na kesho yake akamwambia binti yake, "Vaa viatu. Nipeleke kwa huyo bwana wako wa ukumbi."

Mwenye ukumbi, ambaye ndiye aliyekuwa akiisambaza albamu, alikuwa mtu mrefu mwenye miwani, mpole wa maneno. Aliwakaribisha viti, akasema "Mama karibu, Mama tumefurahi," akatoa na soda. Mama hakuigusa.

"Nimekuja kuchukua sauti yangu," alisema.

Mwenye ukumbi alimtazama Chiriku, akamtazama Mama, akatabasamu kwa huruma. "Mama, naelewa maumivu yako. Lakini sanaa inatoka kwenye maumivu. Pale unaposema yale maneno, pale ndipo roho ya albamu."

"Roho hiyo ni ya mwanangu," alisema Mama, "na ilishatoka. Nilikuwepo. Wewe hukuwepo."

Tabasamu la bwana yule halikujua liende wapi. Akalihamishia kwa Chiriku. "Zungumza naye basi. Mwambie. Wale waandaaji wamekuita kwa ajili ya ile sauti ya mwanamke. Malighafi kama ile haipatikani mara mbili. Ukiitoa, utabaki msichana mwenye kelele tu, na wa namna hiyo ni wengi."

Chiriku alikuwa amekuja huku amekunja uso, upande wake ni wa mwenye ukumbi. Njia nzima alikuwa akijipangia hoja za kumshinda mama yake. Neno lile moja ndilo lililomkwama. Malighafi. Aliwahi kulisikia langoni mwa kile kiwanda, akiwa ameficha kinasa sauti ndani ya mfuko, mlinzi akiufungua mlango kwa malori: pisheni, malighafi inaingia. Alimtazama mama yake, ambaye hata mkoba hakuwa ameuweka chini, na uso ukamwaka moto, kwanza kwa yule bwana, kisha kwa nafsi yake mwenyewe.

"Niazime meza," alisema.

"Ya nini?"

"Niazime meza yako."

Alifungua kompyuta yake pale pale. Mama hakuelewa alichokuwa akikifanya, aliona tu mistari ya sauti kama milima midogo, na kidole cha mwanawe kikiifuta mmoja mmoja. Mwenye ukumbi alizungumza muda wote huo, upole ukipungua neno hadi neno. Aliposema "Basi hata ile safari uisahau," Chiriku alijibu bila kuinua kichwa, "Nimeshaisahau, acha kunitikisia meza."

Walirudi nyumbani kwa miguu, mmoja mbele, mmoja nyuma.

"Nimekufuta," Chiriku alisema mwishowe. "Pale ulipokuwa pamebaki kimya. Kila atakayesikiliza atadhani kifaa kimeharibika. Umefurahi?"

"Sikwenda kufurahi," alisema Mama.

"Na sauti ya Baba?"

"Yake kamwulize mwenyewe. Mimi si msemaji wake."

*

Chiriku alimkuta baba yake uani. Aliketi mbele yake, akamwuliza kwa midomo tu, bila sauti, kwa kuwa sauti ilikuwa haina kazi: nikufute na wewe?

Mzee aliweka ndoo kando. Kisha akaashiria spika. Chiriku akaileta, akaiweka kwenye benchi, akawasha albamu kuanzia mwanzo. Mzee akaweka kiganja juu ya spika kama daktari anavyoweka mkono kifuani.

"Mashine," alisema. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu siku ile. Chiriku akaitikia kwa kichwa. Kiganja kikakaa. Kipande kikaenda, kikafika penyewe, na binti akamwonyesha kidole: hapa ni wewe.

Mzee alikunja uso. Alibonyeza kiganja zaidi, akakihamisha, akakirudisha.

"Mbona sawasawa?" aliuliza.

Chiriku aliweka kiganja chake kando ya cha baba yake.

"Mashine iko wapi, na mimi niko wapi? Nionyeshe. Mbona sawasawa?"

Mama aliyaona yote kutoka dirishani. Hakutoka.

"Yangu iache," Mzee alisema alipoondoa mkono. "Si nimeisema? Wasikie. Ila andika pale kwamba mtu huyu alikuwa hajisikii. Na uandike kiwanda gani."

Chiriku aliandika hivyo hivyo, akalitaja na jina la kiwanda. Waliosikiliza toleo lile jipya walikuwa wachache, na wengi walilalamika kuwa lina tundu katikati. Mwisho wa mwezi alipanga chumba upande wa pili wa mji. Hakufukuzwa na hakuagwa kwa sherehe; alibeba visanduku vyake, mama yake akambebea begi hadi barabarani, wakaachana wakiwa bado hawajamaliza kugombana.

Nyumbani wakabaki wawili. Mzee alikuwa ameanza kusema tena, lakini kila neno alilitoa kwa hofu, akimtazama mkewe usoni kuona kama limekuwa kubwa. Mama alivumilia hilo siku kadhaa, kisha uvumilivu ukamwishia. Aliacha cherehani, akamfuata pale alipoketi, akaushika mkono wa mumewe akaubandika kwenye koo la mumewe mwenyewe.

"Sema kitu."

"Kitu gani?"

"Hapo. Umesikia koo linavyoruka? Hapo mtaa wote uko nawe. Punguza."

Mzee alisema tena. Mama akatikisa kichwa. Akasema tena, chini zaidi, na tena, mpaka koo likatulia chini ya vidole vyake na pumzi peke yake ikawa inapita. "Hapo," Mama alisema. "Kunong'ona ni hapo. Chochote unachotaka kusema moyoni, kiseme hapo, nami nisikisikie."

Alikuwa ameshageuka kurudi kwenye kazi yake aliposikia. Ilikuwa sauti ndogo kiasi kwamba fundi viatu, dirishani kwake, hakuipata. Mzee alikuwa ameshika koo lake kwa mkono, macho ameyainamisha, na alikuwa amelitaja jina la yule mtoto.

Mama alisimama akiwa bado amempa mgongo. Alisimama hivyo mpaka alipojiamini, kisha akageuka ili midomo yake ionekane.

"Umechelewa," alimwambia.

Mzee akaitikia kwa kichwa.

Mama akavuta kiti, akaketi mbele yake, mikono ameikunja kifuani, uso wake haujalegea hata kidogo.

"Litaje tena."